Halvor Itafungwa Wapi?

6 Januari

Tumewafunga wageni wetu wa leo mpaka nikawaonea huruma. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tangu Novemba hatujapoteza mchezo hata mmoja. Magazeti ya miji mikubwa, ambayo miaka yote hayakujua kama Halvor ni chuo au ni aina ya jibini, sasa yanaandika kwamba Machi tutafika mbali kwenye mtoano wa taifa wa mpira wa kikapu.

Baada ya mchezo Kocha Brandvold aliniita ofisini. Alikuwa amevua viatu, kaweka miguu juu ya hita, soksi zinafuka mvuke.

"Colvin, funga mlango."

Nikafunga.

"Toka kesho wewe si msaidizi wangu. Wewe ni adui. Nataka utazame michezo yetu yote kama mtu aliyeapa kutuzika. Kabla ya Machi uje uniambie: Halvor itafungwa wapi?"

"Kwa sasa sioni pa kutufungia, Kocha."

"Tafuta. Pako. Daima pako."

Nilicheza chini yake miaka ishirini iliyopita, na akiniagiza kitu bado najisikia yule kijana wa mji wa Waterloo aliyeshuka kwenye basi na begi moja. Basi nimeanza. Kwa kuwa mambo ya namna hii sitaweza kumwambia kila mtu, nitayaandika hapa.

9 Januari

Nimetazama video mpaka macho yanawasha. Kwa jicho la adui, haya ndiyo ninayoyaona.

Wade Lindqvist, mchezaji wetu wa kati, mtoto wa wafugaji wa nguruwe, ana urefu wa mlango na moyo wa ng'ombe mpole. Chini ya kikapu hakuna anayemsogeza. Lakini mpeleke kwenye mtupo huru, ule wa adhabu, peke yake na mpira na kelele, mkono wake unakuwa ubao. Mimi ningekuwa adui ningemfanyia makosa makusudi dakika za mwisho, ili arushe mitupo hiyo.

Benchi letu ni fupi. Saba wanacheza, waliobaki wanapiga makofi.

Tukikosa kikapu tunarudi nyuma polepole, kwa sababu hatujazoea kukosa.

Na hatujawahi kubanwa. Hakuna mchezo uliofika dakika ya mwisho ukiwa bado mkononi mwa Mungu. Sijui watoto hawa watafanya nini siku hiyo. Wao pia hawajui.

11 Januari

Theluji. Mazoezi. Hakuna la kuandika.

14 Januari

Tumeshinda, lakini nimekasirika.

Kipindi cha pili Kocha alisimama akapiga kelele, "Daraja! Daraja!" Daraja ni mchezo wetu wa tangu enzi zangu: mchezaji wa kati anapanda juu, anaweka kizuizi, kisha anageuka ghafla kulia kuelekea kikapuni. Mwongoza mchezo wetu, Tavion Rusk, alimtazama Kocha vizuri kabisa. Kisha akainua ngumi juu. Ngumi ni mchezo mwingine, wa kushoto. Wakacheza Ngumi, wakafunga.

Nikamtazama Kocha nikidhani atamtoa nje. Akapiga makofi.

Nimeandika kwenye ripoti yangu: mwongoza mchezo hasikii benchi.

18 Januari

Mara mbili tena leo. Rusk ana kipaji ambacho sijakiona hapa tangu nianze kazi, na ana kiburi cha kutosha timu tatu. Timu yenye kijana anayejiona ndiye kocha itapasuka siku ya shida. Kwa kweli nadhani nimepapata mahali penyewe.

Baada ya mchezo nilimvuta pembeni.

"Rusk, masikio yako yana nta?"

"Tumeshinda, Kocha. Au mimi ndiye nimesoma vibaya ubao wa pointi?"

"Mzee aliita Daraja."

"Aliita, ndiyo."

"Sasa?"

Akaweka begi begani. Tavion ni mtoto wa mji wa Gary, kule kwenye viwanda vya chuma, na ana namna ya kukutazama kana kwamba anakupimia nguo. "Kocha Colvin, ukirudi kwenye video zako, siku moja acha kunitazama mimi. Tazama benchi."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Akasema sawa, akaenda zake.

21 Januari

Barafu barabarani. Gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu limeangukia mtaroni mbele ya kanisa la Walutheri.

24 Januari

Jambo dogo. Kocha kaniita ofisini, viatu kavua, miguu juu ya hita. "Colvin, funga mlango. Toka kesho wewe si msaidizi wangu. Wewe ni adui."

Nikacheka nikidhani ananitania kwa kuwa sijamletea ripoti. Hakucheka. Akamaliza maagizo yote, neno kwa neno, hadi "Daima pako." Nikasema sawa, Kocha.

Mke wangu Yolanda anasema mzee kachoka, msimu ni mrefu. Huenda.

28 Januari

Tumefungwa. Si kufungwa ndiko kunakonifanya nishindwe kula.

Tavion ana homa kali, tukasafiri bila yeye. Nilidhani, kwa siri, kwamba itakuwa heri: tutaona timu ikicheza inavyoagizwa. Na kweli ilicheza inavyoagizwa. Kocha aliita michezo, vijana wakaicheza, na kila walipoicheza walijikuta wamesimama mahali ambapo hapakuwa na maana kusimama. Aliita ulinzi wa kanda, wa kulinda eneo badala ya mtu, dhidi ya watu wanaopiga pointi tatu kutoka mbali kama wanatupa takataka pipani. Aliita mchezo wa kurusha mpira kutoka nje ya mstari wakati mpira haukuwa wetu.

Zikiwa zimebaki dakika chache tukaomba mapumziko. Vijana wakamzunguka. Akapiga goti, akachora haraka kwenye ubao, mkono ule ule ninaoufahamu, usiotetemeka.

"Delbert atapokea hapa," akasema. "Wade, mpe mapema. Na wewe, Colvin," akanitazama machoni, "weka kizuizi kushoto, na safari hii ukiweke sawasawa, si kama jana."

Mimi nilikuwa nimevaa suti na tai. Delbert Haas tulicheza naye miaka ishirini iliyopita. Sasa ni daktari wa meno huko Fargo.

Hakuna kijana aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko maneno yenyewe. Vijana wa umri ule wanacheka hata msibani. Hawa walitazama chini, wakangoja, kama watu wanaongoja treni ipite ili wavuke. Kisha Wade, yule mpole, akasema taratibu, "Sawa, Kocha." Akawageukia wenzake. "Ngumi, jamani."

Walikuwa wanajua. Wote.

30 Januari

Nimetazama video zote upya, na sikumtazama Tavion. Nimetazama benchi.

Ilianza zamani. Mchezo wa Nebraska, mwezi wa Novemba: Kocha anaita, anasita, anatazama kidole chake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye ukucha. Tavion anamwona. Anamtupia Wade jicho. Wade anakuna sikio la kushoto. Wanacheza kitu kingine. Desemba wanafanya hivyo kila baada ya dakika mbili tatu. Januari, Kocha akiita kilicho sawa, Tavion anashtuka.

Na mimi niko pale pale kwenye picha, hatua moja kutoka kwa mzee, nimekunja mikono, nimemkazia macho mtoto asiye na kosa.

1 Februari

Nimemkuta Tavion chumba cha tiba, mguu mmoja kwenye ndoo ya barafu.

"Tangu Nebraska," nikasema.

Akanitazama, akaelewa. "Tangu Nebraska. Aliniita Leonard mechi nzima, na hapa hatuna Leonard."

"Na hamkumwambia mtu."

"Tumwambie nani? Wewe?" Akacheka bila furaha. "Kocha, wewe ukimtazama yule mzee unakuwa kama mtoto anayetazama fataki."

"Nilikuandika kwamba wewe ndiye ugonjwa wa timu."

"Najua. Ulinikazia macho kama askari wa dukani."

Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia hawezi kuendelea hivi hadi Machi, watu watajua.

"Bibi yangu alianza hivi hivi," akasema. "Mjomba wangu ikawa kazi yake kumsahihisha mbele za watu. Hapana mama, leo Jumanne. Hapana mama, huyo alishakufa. Kila akisahihishwa, anapungua. Mimi nikawa namfuata tu. Akisema leo Jumapili, navaa za kanisani. Na alikula, na alilala, na aliimba."

"Tavion, hapa si jikoni kwa bibi yako. Ni mtoano. Ukifungwa mara moja umekwisha."

"Ndiyo maana nakimbia sana." Akatoa mguu barafuni, ukawa mwekundu kama nyama buchani. "Vyuo vyote vilinikataa kwa ajili ya goti. Yule mzee aliendesha gari kwenye theluji hadi Gary, akakaa kwenye kochi letu lililovunjika, akamwambia mama yangu goti litapona, na lisipopona nitasomeshwa hivyo hivyo. Mimi sitamwacha aanguke kwenye televisheni. Wewe fanya unavyotaka."

Nimefuta kwenye ripoti kila nilichoandika juu yake.

4 Februari

Tumeshinda. Kocha kaita Daraja siku nzima.

8 Februari

Nimeenda kwa Brandvold mchana, wakati yeye kalala. Mkewe, Bi. Marit, alinipa maharage ya nyama na pilipili na mkate wa mdalasini, kama alivyotulisha tulipokuwa wanafunzi. Zamani kwenye michezo alikuwa anakaa juu kabisa, akifuma. Tangu Krismasi anakaa nyuma ya benchi letu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Umekuja kuniambia, Emmett," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Umejua lini?"

"Wakati wa mavuno. Alitoka kununua maziwa, akanipigia simu kutoka mpakani mwa jimbo la Missouri, akaniuliza kwa nini nimehamisha nyumba." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Hataki kumwona daktari. Anasema baada ya Machi. Nami nasema baada ya Machi. Emmett, amengoja timu kama hii maisha yake yote. Mwachie Machi yake."

"Na ikitokea jambo mbele ya watu?"

"Basi mtakuwa karibu naye."

Kocha akaamka, akaja jikoni na nywele zimesimama. Alifurahi kuniona. "Colvin! Mama yako hajambo?"

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Kocha alibeba jeneza.

"Hajambo, Kocha," nikasema.

12 Februari

Upepo tangu asubuhi. Yolanda anauliza kwa nini nasaga meno usingizini.

15 Februari

Nyumbani, tumeshinda kwa pointi tatu. Hatujawahi kushinda kwa pointi chache hivyo. Tavion hakupumzika hata dakika moja, na mwishoni miguu yake ilikuwa mizito.

Mstari wa nne alikaa mtu mwenye koti la kijivu. Kazi yangu ni kuwajua watu wa namna yake: mpelelezi wa timu nyingine. Wapelelezi hutazama mpira. Huyu hakutazama mpira. Kocha akiita, anatazama mdomo wa Kocha. Kisha anatazama vijana wanacheza nini. Kisha anainama na kuandika. Kipindi cha pili alikuwa haandiki tena. Alikaa tu kakunja mikono, anatabasamu kidogo, mtu aliyeshiba.

Nimeuliza mlangoni. Anatoka Carrow, chuo cha Ohio.

19 Februari

Nimeenda kwa Bi. Sloane, mkurugenzi wetu wa michezo. Nikaanza kuzunguka maneno: uchovu, umri, huenda apumzishwe kidogo. Akanyanyua mkono.

"Emmett, unaniambia kama rafiki au kama mfanyakazi? Kwa sababu ukiniambia kama mfanyakazi, itanibidi nifanye kitu leo hii hii."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya Kocha anabebwa mabegani. Mimi ni mmoja wa waliombeba.

"Kama rafiki," nikasema.

"Basi ahsante kwa kunitembelea."

Nimetoka nikijidharau, na nadhani nimemwacha naye anajidharau.

22 Februari

Jua. Barafu ya mtoni imeanza kulia. Usiku kucha inapasuka, sauti kama mtu anavunja mbao.

26 Februari

Jumapili baada ya kanisa Kocha aliniita ofisini. Jengo zima lilikuwa tupu. Nilidhani nitasikia maagizo yale yale. Lakini alikuwa amevaa viatu, na macho yake yalikuwa makali kama zamani.

"Ripoti," akasema. "Tutafungwa wapi?"

Nikampa. Mitupo huru ya Wade. Benchi fupi. Kurudi nyuma polepole. Nikamwambia Tavion akitolewa kwa makosa hatuna mwongoza mchezo wa pili, yupo Nolan Fitch tu, mtoto wa mwaka wa kwanza. Alisikiliza yote.

"Umeacha kitu."

"Hakuna kingine, Kocha."

"Colvin. Mimi nilikufundisha kutazama. Ungekuwa hukuona ningesema nilipoteza miaka yangu." Akaegemea mezani. "Watoto wananizunguka. Nikiita hiki wanacheza kile. Mara nyingine nasimama pale na najua kwamba dakika moja iliyopita nilikuwa najua kitu. Nani ataifungisha timu hii? Sema. Nimekutuma wewe kwa sababu sikuweza kumtuma mtu mwingine."

"Ni wewe, Kocha. Halvor itafungwa kwako."

Mtoni barafu ikapasuka, tukaisikia wote wawili. Kisha machozi yakamtoka, bila sauti, na hakuyafuta.

"Ahsante," akasema. "Basi Machi utaongoza wewe. Mimi nitakaa pembeni yako nivae tai nzuri. Nitawaambia vijana kesho."

Tukapeana mikono. Nimerudi nyumbani mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Januari.

27 Februari

Alikuja mazoezini na filimbi shingoni. Nikangoja awaambie vijana. Akapuliza filimbi, akawapanga, akawakimbiza. Baada ya mazoezi akaniita.

"Colvin, funga mlango. Ripoti iko wapi? Tutafungwa wapi?"

Nilimtazama nikitafuta dalili yoyote. Hakuna. Jana haikuwepo.

Nikamwambia tena. Sikujua la kufanya lingine. Akalia tena, yale yale machozi, mapya kabisa. "Ahsante," akasema.

28 Februari

Ameuliza tena. Nikataja mitupo huru ya Wade.

Nilimpigia Bi. Marit. Akasema, "Usimwambie tena, Emmett. Mtu auawe mara ngapi?"

5 Machi

Mabingwa wa ligi. Mji mzima barabarani, matrekta yanapiga honi. Kocha alikata wavu wa kikapu kwa mkasi kama desturi, juu ya ngazi, Wade kashika ngazi kwa mikono yote miwili, Tavion kasimama chini na mikono imenyanyuka kidogo, tayari kudaka mtu.

12 Machi

Ratiba imetoka kwenye televisheni. Vijana waliruka juu ya viti. Tutachezea Omaha. Mchezo wa kwanza na timu ndogo ya kusini. Tukishinda, wa pili ni Carrow.

Tavion aliniona sikuruka. Akaja.

"Nini?"

"Carrow wanajua."

Nikamweleza habari za mtu wa koti la kijivu. Akafikiri. "Watanifuata mimi, basi. Hawatamsumbua mzee. Watanikata mimi nisimwone Wade, wanichoshe, wanivutie makosa matano nitolewe."

"Ndivyo ningefanya."

"Wewe ni adui mzuri, Kocha," akasema, na safari hii kulikuwa na mapenzi ndani yake.

16 Machi

Omaha. Tumeshinda wa kwanza. Hotelini Kocha hakukipata chumba chake, Bi. Marit alimkuta kwenye lifti, anapanda na kushuka, anawasalimia watu kwa heshima.

18 Machi

Nitaandika kama ilivyokwenda.

Carrow walifanya tuliyoyatarajia. Toka mpira wa kwanza waliweka watu wawili juu ya Tavion. Kila alipogeuka kumtafuta Wade, mtu alikuwa amesimama katikati yao, mgongo kwa Wade, anatazama macho ya Tavion tu. Hawakujali Kocha aliita nini. Mmoja wao alipita mbele ya benchi letu akamwambia Tavion, "Babu yako anasemaje leo, eti?" Kosa la tatu la Tavion lilikuja kabla ya mapumziko. La nne mapema kipindi cha pili.

Tuliongoza, wakatupita, tukawapita. Walimpeleka Wade kwenye mitupo huru mara kwa mara, na mkono ukawa ubao. Kisha, dakika ya mwisho kabisa, Tavion akaruka kuzuia mpira, refa akapuliza. Kosa la tano. Alitoka akiwa kashika kichwa. Alipita mbele yangu, macho kwa mzee, akasema neno moja: "Mshike."

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira wetu, muda wa shambulizi moja. Tukaomba mapumziko.

Vijana wakaja. Kocha akapiga goti na ubao. Wote watano, na Nolan Fitch kati yao badala ya Tavion, hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

"Daraja," akasema Kocha. "Wade, panda juu, kisha..."

Daraja. Neno lile lile la Januari yote, la Februari yote, neno analoliita mtu aliyepotea njia. Nilikumbuka Delbert. Nilikumbuka lifti. Nikanyoosha mkono nikashika ubao.

Hakuuachia. Kwa muda tukawa tunavutana, kimya kimya, mzee na mimi, magotini, kamera juu yetu na ukumbi mzima unanguruma. "Colvin," akasema chini, "niache." Nikavuta. Vidole vyake vikalegea. Akasimama, akarekebisha tai, akaenda akakaa kwenye kiti changu.

Nikachora Ngumi. Kushoto.

Nolan alipokea, akaenda kushoto, na kushoto kulikuwa kumejaa. Carrow walikuwa wameweka watu wawili kule wakitungoja. Walikuwa wameiona Ngumi mwaka mzima. Alirusha juu ya mikono yao. Mpira ukagonga chuma, ukaruka, kengele ikalia.

Upande wa kulia hapakuwa na mtu. Wade alisimama pale peke yake chini ya kikapu, mkono juu, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

19 Machi

Basi la kurudi. Mashamba meusi, theluji imebaki kwenye mitaro tu. Vijana wamelala au wamejifanya wamelala. Televisheni zimeonyesha ile picha ya kuvutana tangu jana, kila mahali. Wengine wananiita msaliti. Wengine wanauliza mzee ana nini, na kufikia jioni watakuwa wamejua.

Kocha alikuja akakaa karibu nami.

"Kulia kulikuwa wazi," akasema.

"Niliona, Kocha. Baadaye."

"Nilipaona kabla." Alisema bila ukali, anatazama dirishani. "Jana nilikuwa nakiona kila kitu. Kama kioo kimefutwa. Nilifikiri, afadhali akili imerudi leo."

Nikatazama sakafu ya basi.

"Ungejuaje?" akasema. Akanipiga goti kidogo kwa kiganja. "Hata mimi nisingeniamini."

Tavion, kiti cha mbele, alikuwa kavuta kofia hadi machoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

2 Aprili

Bi. Sloane kanipa timu. Kocha kasaini kustaafu, daktari kamwona. Nilitaka kukataa. Tavion alikuja ofisini, akakaa bila kukaribishwa, akasema, "Mimi sihami. Sasa wewe ukihama, nitamfuata nani?"

16 Aprili

Jumapili. Nimemtembelea Kocha. Alikuwa barazani na blanketi miguuni, anatazama trekta la jirani likipanda mahindi. Alinijua. Aliuliza habari za mama yangu, nikasema hajambo.

Kisha akauliza, "Machi tulifanyaje?"

Bi. Marit, mlangoni, alinitikisia kichwa: usiseme. Lakini nilikuwa nimechoka kuchagua kwa niaba yake.

"Tulifungwa na Carrow, Kocha. Kwa pointi moja. Uliita Daraja, na Daraja ilikuwa sahihi. Mimi nikakunyang'anya ubao nikachora Ngumi."

Alinikazia macho. Nikangoja hasira, na nilikuwa naihitaji. Badala yake uso ukamfunguka taratibu, ukawa wa kijana.

"Daraja ilikuwa sahihi?"

"Kulia kulikuwa wazi kabisa. Wade alikuwa peke yake."

"Marit!" akaita, akapiga mkono wa kiti. "Marit, umesikia? Nilipaona! Huyu ndiye hakupaona. Nilikuwa sahihi!" Akacheka mpaka akakohoa, akanishika shingo kwa mkono mmoja akanitikisa, kama alivyokuwa akitufanyia tulipokuwa wadogo. "Mpumbavu wee, Colvin."

"Ndiyo, Kocha."

Tulikula. Tulipofika kwenye kahawa akaweka kikombe chini, akanitazama kwa wasiwasi. "Hebu niambie, Machi tulifanyaje?"

Nikavuta kiti karibu, nikamwambia tena toka mwanzo, bila kuacha kitu.